Somo juu ya Amri ya Nne: Baba Aliyemwacha Mtoto Wake



Wasikilizaji wapendwa, katika somo lililopita tulijifunza namna watoto wanavyopaswa kuwaheshimu baba na mama. Lakini Amri ya nne haiwafungi watoto peke yao; yawafunga na wazazi vile vile. Leo tutazame upande huo wa pili.

Tutwae mfano. Mama mzee akaa kijijini na mjukuu wake, msichana wa miaka 14. Mama wa mtoto alifariki. Baba yake alikwenda Kolwezi kutafuta kazi katika machimbo ya shaba, mtoto akiwa bado anatambaa. Tangu siku ile hakuleta nguo wala chumvi, wala barua, wala salamu kwa kinywa cha msafiri. Na wenye kusafiri wamemwona sokoni mara nyingi, mzima wa afya. Nyanya ndiye aliyelima muhogo, akalipa shule, akakesha usiku wa homa. Leo habari imefika: baba aja kumtwaa binti yake, apate kumwoza na kupokea mahari.

Nyanya auliza: Je, ni dhambi kumwendea hakimu, ili baba huyu aondolewe mamlaka juu ya mtoto?

Ili tujibu vema, tujue kwanza mamlaka ya mzazi yatoka wapi. Yatoka kwa Mungu, aliye Baba wa wote. Mungu hakumpa mzazi mtoto kama mtu apewavyo mbuzi, amuuze apendapo. Alimpa kama amana, amlishe, amfundishe, amwongoze mbinguni. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Basi haki ya mzazi na kazi ya mzazi ni kama kamba mbili zilizosokotwa pamoja. Mtume Paulo alimwandikia Timoteo kwamba asiyewatunza watu wa nyumba yake ameikana imani. Neno hilo ni zito.

Mtazameni pia Yosefu Mtakatifu. Hakumzaa Yesu kwa mwili, lakini alimlinda njiani Misri, alimlisha kwa kazi ya mikono yake, na Mwana wa Mungu alimtii. Ndiyo maana Eklezia yamheshimu mlezi mwaminifu. Katika Sheria yake ya mwaka 1983, yakubali mtoto mchanga abatizwe kwa idhini ya mzazi mmoja, au ya yule ashikaye kwa haki nafasi ya wazazi.

Sheria ya nchi yetu nayo haiko kimya. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyosahihishwa mwaka 2016, yampa hakimu uwezo wa kumvua mamlaka mzazi ambaye, kwa uzembe mkubwa, ahatarisha afya, usalama au mwenendo mwema wa mtoto wake. Sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, iliweka mahakama ya watoto, na yakataza kabisa kumwoza mtoto asiyetimiza miaka 18. Basi nyanya yule akimwendea hakimu ili kumwokoa mjukuu, hatendi dhambi. Atetea amana ya Mungu.

Lakini sikilizeni maonyo matatu.

La kwanza: si kila asiyeonekana ametupa mtoto wake. Tangu mwaka 1996 vita vimetawanya jamaa nyingi katika Kivu. Wengine wako kambini mwa wakimbizi, wengine gerezani, wengine wagonjwa. Tafuteni kwanza, ulizeni ndugu zake. Kumhukumu mtu aliyezuiliwa ni udhalimu.

La pili: chunguzeni mioyo yenu. Kumbukeni wanawake wawili mbele ya mfalme Solomono. Mama wa kweli alikuwa tayari kumpoteza mtoto, ili mtoto aishi. Nawe mlezi, ukishitaki kwa chuki, au ili mahari ije kwako, huna tofauti na baba yule. Aulizwe mtoto mwenyewe, asikilizwe.

La tatu: hakimu aweza kuondoa mamlaka, lakini hawezi kuondoa damu. Baba abaki baba. Deni lake mbele ya Mungu halifutwi na hukumu. Na mtoto apaswa kumwombea, asimtukane. Nyanya asimpandie moyoni mbegu ya uchungu. Baba yule akitubu na kurudi kwa unyofu, asikute mlango umefungwa kwa matusi.

Kwa hiyo nyanya afanye hivi. Amweleze paroko na wazee wa pande zote mbili za ukoo. Baba aitwe, aambiwe wazi kosa lake. Asipotaka kusikia, nyanya aende kwa hakimu pamoja na mashahidi, aseme kweli tupu.

Nanyi akina baba mnaotusikiliza katika kambi za machimbo, msingoje hakimu. Usiku huu huu andikeni barua. Mshahara ni mdogo, twajua. Lakini salamu haina bei, na mtoto aingoja.

Maulizo ya kurudia:

Ulizo: Mtoto ni mali ya mzazi?
Jibu: Hapana. Mtoto ni wa Mungu. Mzazi amepewa amtunze.

Ulizo: Yaruhusiwa kumwomba hakimu amwondolee mzazi mamlaka?
Jibu: Ndiyo, kama mzazi amemtupa mtoto kwa hiari yake na mtoto yumo hatarini, lakini si kwa chuki wala kwa tamaa.

Ulizo: Baada ya hukumu, mtoto afanye nini?
Jibu: Amheshimu mlezi wake, na amwombee mzazi wake.

Tusali. Ee Mungu, usiyemsahau mtoto hata wazazi wakimwacha, uwalinde yatima na walezi wao, uwarudishe wazazi waliopotea. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.