Mashine ya Presha: Akiumia Mwenzetu, Nani Atalipa?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Migori na Homa Bay)

 

Vikundi kadhaa katika kaunti zetu mbili vina mashine ya presha sasa, ya kununua au ya kukodi. Mwanzoni ilikuwa kazi ya kuosha magari na pikipiki kando ya barabara. Siku hizi mnaitwa pia kwenye maboma ya watu na nyumba za wageni, muoshe kabro, njia za bustani, kuta na ngazi zilizoota ukungu. Ni kazi ya heshima na tunaifurahia. Lakini tukiuliza, je, mwenzenu akiumia hapo nani atalipa, watu hutazamana. Halafu mmoja husema: tutafanya harambee.

Harambee ni kitu chema, hatuidharau. Shida yake ni kwamba huanza baada ya ajali, na mtu aliyepoteza jicho hawezi kulishwa na harambee ya siku moja. Kila kikundi hapa kina mfuko wa msiba. Mnatoa kidogo kidogo kabla mtu hajafa, akifa pesa ziko. Bima ni hiyo hiyo, ila wachangaji ni wengi zaidi na mkataba umeandikwa.

Tuanze na mashine yenyewe, kwa sababu wengi wanadhani maji hayaumizi. Gurudumu la gari ndogo hujazwa upepo wa kama pauni 30. Mashine ndogo ya presha husukuma maji kwa pauni 1,500 na zaidi, nyingine hufika 3,000. Maji hayo yakipita karibu na mkono yanatoboa ngozi na kuingia ndani, pamoja na sabuni na uchafu. Kwa nje utaona kitundu kidogo tu, pengine hata damu haitoki. Kijana atafunga kitambaa aendelee na kazi. Hapo ndipo hatari ilipo. Ndani nyama inaweza kufa na kuoza, na kidole au mkono ukakatwa. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali saa ile ile, si kesho, na mwambie daktari wazi: ni maji ya presha, yameingia ndani. Msipomwambia anaweza kudhani ni mchubuko.

Kwa hiyo bunduki ya maji haielekezwi kwa mtu, hata kwa mchezo, wala hakuna kuosha miguu kwayo jioni. Anayeishika avae gambuti, ovaroli, na miwani ya kukinga macho, maana jiwe dogo la bustani likirushwa na maji linatoboa jicho. Watoto na kuku waondolewe kwanza. Ukizima mashine, bonyeza bunduki mpaka maji yaliyobaki yaishe, ndipo ufungue mpira.

Mashine ya stima isiunganishwe kwa waya uliofungwa kwa karatasi ya nailoni. Tumeona waya wa namna hiyo umelala ndani ya dimbwi, na kijana amesimama humo na malapa. Fundi wa stima aweke swichi ile inayokata yenyewe stima ikivuja, na aunganishe waya wa ardhini. Mashine ya petroli nayo isiwashwe ndani ya nyumba wala stoo, hata mvua ikinyesha. Moshi wake una gesi inayoua bila harufu.

Mkiitwa kuosha mapaa ya zamani, ulizeni kwanza ni ya nini. Shule na nyumba kadhaa za zamani ziliezekwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinaihesabu kuwa taka hatari. Kazi hiyo ikataeni, hata bei ikiwa tamu. Na wale mnaochota maji mkisimama ziwani, kumbukeni kichocho. Waosha magari wa ufuoni Kisumu walichunguzwa na watafiti kwa miaka mingi kwa sababu walikuwa wakiambukizwa tena na tena, hata baada ya kutibiwa.

Sasa turudi kwenye swali la malipo. Kuna sheria ya mwaka 2007 juu ya fidia kwa wanaoumia kazini, watu huiita WIBA. Inamtaka kila mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019. Lakini jiulizeni: katika kikundi chenu mwajiri ni nani? Kama mnafanya kazi wenyewe na kugawana mapato jioni, huenda hakuna mwajiri, na hivyo hakuna wa kudaiwa fidia. Ninyi mnahitaji bima ya ajali ya kikundi, yenye jina la kila mwanachama.

Lakini mkimchukua kijana wa nje na kumlipa kwa siku, mambo yanageuka. Mwajiri ni ninyi. Tuseme mnampa shilingi 500, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 13,000. Akilemaa kabisa asiweze kufanya kazi tena, sheria inahesabu mishahara ya miezi 96, yaani shilingi 1,248,000. Kikundi gani hapa kina pesa hizo benki? Basi msimweke mtu kazini kabla ya kumkatia bima. Na akiumia, ajali iripotiwe kwa ofisi ya serikali ya usalama na afya kazini ndani ya siku saba baada ya ninyi kuarifiwa. Akifa, ndani ya saa 24.

Kadi ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kila mmoja awe nayo na malipo yawe yamekamilika. Hata hivyo hiyo ni ya matibabu. Hailipi siku ambazo mtu amelala nyumbani bila kazi.

Kuna pia mali ya mwenye boma. Maji yanaweza kuvunja kioo, kung'oa rangi ya ukuta au kuchimbua mchanga kati ya kabro mpaka zikacheza. Mpita njia anaweza kuteleza kwenye maji mliyomwaga. Bima ya madhara kwa watu wengine inahusu hayo, ila isomeni vizuri. Nyingi huacha nje kitu kile kile kilicho mikononi mwenu. Gari la mteja mnaloliosha linaweza kuwa limeachwa nje, wakati ukuta wa jirani umo. Mwulizeni wakala akuonyesheni mahali palipoandikwa, msikubali maneno ya mdomo. Na kabla ya kuanza kazi, zungukeni boma pamoja na mwenyewe, muandike nyufa na vioo vilivyovunjika tayari, naye atie sahihi. Daftari la shilingi chache limeokoa ugomvi mwingi.

Wakala aonyeshe leseni ya mwaka huu kutoka Mamlaka ya Kusimamia Bima. Lipeni kwa kampuni, si mfukoni mwake, mpate risiti. Kwa sheria yetu bima haianzi mpaka malipo yafike, kwa hiyo ile ahadi ya “tutalipa baada ya mavuno” haimlindi mtu. Mkienda chukueni cheti cha kikundi, namba za vitambulisho vya wanachama wote, na karatasi inayotaja kazi zenu zote. Mkiandika “kuosha magari” peke yake, kisha mtu aumie akiosha ukuta wa bustani, kampuni ina sababu ya kukataa.

Sasa tuchukue maswali. Tuanze na akina mama walioko nyuma.