Likitokea Jambo Njiani

Juma lililopita tulijifunza kwamba programu ni orodha ya maagizo, na kompyuta huyafuata moja baada ya jingine. Leo tunauliza: agizo likishindikana, kompyuta ifanye nini? Andikeni neno hili katika madaftari yenu: DHARURA.

Mama mmoja anamtuma mwanawe mashineni. Anamwambia: "Azima debe kwa jirani. Peleka mahindi. Lipa. Yasagwe. Rudi na unga." Maagizo ni mazuri. Lakini je, kama mashine imeharibika? Mtoto mwenye akili atarudi kuuliza. Kompyuta haina akili hiyo. Isipoambiwa la kufanya, italipa, kwa kuwa agizo linasema "lipa", kisha itasimama pale pale, au itarudi na debe tupu na kusema kazi imekwisha.

Katika lugha ya kompyuta iitwayo C, mwandishi wa programu hulazimika kuuliza kila baada ya hatua: "Imefaulu?" Maswali huwa mengi. Akisahau moja tu, kosa hupita hapo hapo.

Bwana Bjarne Stroustrup, mzaliwa wa Denmark, alitoa lugha ya C++ mwaka 1985. Wakati huo haikuwa na njia maalumu ya dharura. Kufikia mwaka 1990 mpango wa kuiongeza ulikuwa umekwisha andikwa. Njia hiyo ina maneno matatu: jaribu, tupa, daka. Maana yake ni hii: jaribu kazi, ikishindikana, tupa habari juu, aliye juu, mwenye uwezo wa kuamua, aidake. Mtoto haamui. Humrudia mama, naye mama huamua: "Nenda mashine ya pili," au, "Basi, leo tule viazi." Tena lile debe lirudishwe kwa mwenyewe. Kazi kushindikana si ruhusa ya kupoteza mali ya watu. Mambo haya nayo yalifikiriwa katika C++: vitu vilivyoshikwa njiani viachiliwe dharura inapopanda juu.

Lakini kuwa na njia si kuitumia vema. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kutoka Kourou, Amerika ya Kusini. Haikuwa na watu; ilibeba setilaiti 4. Programu yake iliandikwa kwa lugha ya Ada, ambayo ilikuwa na njia ya dharura. Sehemu ya programu hiyo ilitoka katika Ariane 4, ambayo mwendo wake ulikuwa mdogo zaidi. Namba moja iliyotokana na mwendo ikazidi 32,767, ikakosa nafasi ya kuwekwa. Dharura ikatupwa. Jibu lililopangwa likawa: zima kompyuta. Kompyuta ya akiba nayo ilikuwa imekwisha zimika, maana ilikuwa na programu ile ile. Dakika moja haikutimia, roketi ikavunjika.

Jambo hili lakuhusu wewe pia. Umeuza mahindi, na mnunuzi anakutumia fedha kwa simu. Mtandao unakatika katikati. Fedha imetoka kwake, haijafika kwako. Programu nzuri huidaka dharura hiyo: huikamilisha kazi, au huirudisha fedha, kisha huwaambia ukweli. Programu mbaya hunyamaza. Basi ukituma fedha na jibu lisije, usitume mara ya pili kwa haraka. Tazama salio kwanza. Tunza ujumbe. Kisha uliza kampuni ya simu.

Kumbuka: kosa lililotangazwa hutengenezeka, kosa lililofichwa huzaa mengine.

Maswali:
1. Kwa nini mtoto hurudi kwa mama badala ya kuamua mwenyewe?
2. Kompyuta ya akiba haikuiokoa Ariane 5. Kwa nini?
3. Andika maagizo matano ya kwenda sokoni. Chini ya kila agizo, andika la kufanya likishindikana.

Kwaherini hadi juma lijalo.