Si Laana ya Mtu

Tulimtembelea mama mmoja katika Mji wa Kale, hapa Mombasa. Mwanawe anaugua selimundu. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba nyumba yao ina laana. Akatuuliza, "Mchungaji, ni dhambi ya nani?"

Tulimweleza hivi. Mwaka 1949 Anthony Allison, daktari aliyelelewa Kenya, alikusanya damu ya watu wa makabila mengi. Akaona chembe ya urithi ya selimundu ni nyingi huku pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye malaria, bali nyanda za juu ni haba. Mwaka 1954 alitoa sababu. Mtoto aliyeirithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, tena malaria kali haimwui kwa urahisi. Basi kwa vizazi vingi malaria iliwaua zaidi wasio nayo. Walio nayo wakabaki, wakazaa, wakairithisha. Ndivyo viumbe wanavyobadilika kufuata mahali wakaapo. (Chuoni wengine wetu tuliogopa hata kulitaja jina la Darwin. Tulijinyima bure.)

Lakini baba na mama wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa.

Mama alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe kilichowaokoa babu zetu ndicho kinachomtesa huyu?"

Ndicho. Hatukuwa na neno la kuongeza. Tuliomba naye, na siku yake ya kliniki ilipofika tukamsindikiza.