Redio, Simu na Elimu ya Mwanachama

Hotuba ya Afisa Elimu wa Chama Kikuu katika sherehe ya kutimiza miaka kumi



Nimeombwa niseme machache juu ya elimu ya wanachama, na jinsi vyombo vya siku hizi viwezavyo kuisaidia. Nashukuru kwa heshima hiyo. Leo ni siku ya furaha, lakini miaka kumi ni umri wa kujipima. Na kesho mtapiga kura juu ya matumizi ya fedha za elimu.

Kutenga fedha hizo si desturi mpya. Wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844, walikuja kutenga mbili na nusu katika kila mia ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Walikuwa na sababu. Mwanachama asiyeweza kusoma stakabadhi yake hajui kama mizani imemtendea haki, na asiyefahamu mizania ya mwaka hubaki kupiga makofi tu. Mtu huyo ni mwenye mali kwa jina.

Wako wasemao, tununue vyombo na elimu itafuata. Mimi sioni hivyo. Tangu mwaka 1941 wakulima wa Kanada walikutana kila juma nyumbani kwa jirani, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaandika maoni yao na kuyapeleka. Muhtasari wake ukatangazwa redioni.

Hapa kwetu Tanzania, mwaka 1973, ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walijifunza kwa majuma 12 juu ya malaria, kichocho, safura na kuhara. Redio haikuachwa ifanye kazi peke yake, bali viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza. Watu walisikiliza pamoja, kijitabu kikasomwa, wakajadiliana, kisha wakaazimia la kutenda: kuchimba choo, au kufyeka majani yaliyoizunguka nyumba. Asiyejua kusoma hakuachwa nje, maana masikio yake na akili yake vilitosha.

Ndugu Wanachama, leo wengi wetu tuna simu mfukoni. Somo juu ya kusoma stakabadhi, au juu ya kuchuma kahawa iliyoiva tu, likirekodiwa mara moja laweza kusimamishwa mahali pagumu na kurudiwa mpaka lieleweke. Kadi ndogo ya kumbukumbu yatosha kulibeba, hata mahali pasipo intaneti. Lakini tukumbuke kwamba katika nyumba nyingi simu ni ya baba, na mama ndiye apaliliaye shamba. Kwa hiyo yafaa chombo cha kusomea kiwe mali ya kikundi, kisiwe cha mtu mmoja.

Basi naleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, kila chama cha msingi kichague viongozi wawili wa kikundi, mmoja wao awe mwanamke, nao wafundishwe kabla hatujanunua chombo chochote. Pili, kila somo lirekodiwe kwa Kiswahili chepesi, na liende pamoja na kijitabu chenye herufi kubwa na picha. Tatu, kila kikundi kilete maswali yake, na ofisi ijibu kabla ya somo linalofuata.

Najua la tatu ni zito kwetu sisi watumishi. Mwanachama aliyeelewa huuliza: makato haya ni ya nini? Mbona malipo ya pili yamechelewa? Ni nani aliyeikagua mizani? Maswali hayo huchosha, tena huweza kuaibisha. Lakini ni afadhali tuulizwe barazani hali vitabu vi wazi, kuliko kunong'onwa sokoni, na mwisho wanachama wakauza mazao yao kwa walanguzi.

Vyombo vizuri vyaweza kununuliwa kwa siku moja na kufungiwa ofisini. Vikundi huchukua muda, na viongozi wake huhitaji kufundishwa na kutembelewa. Nawaomba, kesho mtakapoinua mikono, fungu lililo kubwa la fedha za elimu liende kwenye vikundi.