Kufuata Nyayo za Yesu Hapa Tulipo

Hotuba ya mwalimu mkimbizi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Nakivale



Kamati imeniomba niseme machache juu ya kumfuata Yesu kama kielelezo cha maisha ya Mkristo ya kila siku. Najua kati yetu wamo ndugu Waislamu na wengine wasio wa imani yangu. Nawaomba mnisikilize kama mnavyomsikiliza jirani anapoeleza mambo ya nyumbani kwake.

Mimi ni mwalimu, kwa hiyo nitaanzia darasani. Mtoto wa darasa la kwanza hajui kuandika kwa kuhubiriwa. Mwalimu humwandikia herufi, naye mtoto huifuatisha kwa kalamu yake, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya kumi. Katika Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 2 mstari wa 21, tunaambiwa kwamba Kristo ametuachia kielelezo. Neno la Kiyunani lililotumika pale lilikuwa neno la shuleni: ule mwandiko ambao watoto walipewa ili waufuatishe. Tena tazameni waraka huo uliandikiwa nani. Mstari wake wa kwanza kabisa unawataja wageni waliotawanyika katika nchi mbalimbali. Ni barua kwa watu kama sisi.

Nayasema haya kwa sababu kuna wazo linalotudanganya wengi hapa kambini. Tunasema: nitaishi vizuri nikirudi nyumbani. Au: nitaanza maisha nikipata safari ya kwenda Kanada au Marekani. Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi walipokuwa wakikimbia kutoka Rwanda. Tangu hapo wamekuja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Wapo watu waliozaliwa hapa, wakasoma hapa, wakaoa hapa. Wapo waliozikwa hapa. Maisha hayakusimama kungoja safari. Kama Mkristo hamfuati Yesu hapa Nakivale, hakuna ndege itakayompeleka mahali atakapoanza kumfuata.

Yesu mwenyewe alikuwa mkimbizi. Mathayo sura ya 2 inaeleza jinsi Yosefu alivyomchukua mtoto na mama yake usiku wakakimbilia Misri, kwa kuwa mfalme alitaka kumwua. Halafu waliporudi hawakukaa Yudea, kwa hofu, bali walihamia Nazareti. Luka anasema Yesu alikuwa na umri wa kama miaka 30 alipoanza kazi yake. Basi sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa ya mtoto, ya fundi na ya jirani katika mji mdogo. Ndiyo maana nasema tusimtafute katika miujiza tu. Tumtafute pia pale tunapochota maji, tunapogawa chakula na tunapolima.

Sasa nitataja mambo matatu.

La kwanza ni kutumika. Katika Yohana sura ya 13, Yesu alivua vazi lake, akatia maji katika chombo, akawaosha wanafunzi wake miguu. Ilikuwa kazi ya mtumwa, naye alikuwa Mwalimu wao. Hapa kwetu miguu ya kuoshwa ni mingi. Bibi mzee yuko kwenye foleni ya bomba na madumu yake, na kijana mwenye nguvu anampita mbele: pale ndipo ibada yetu inapimwa. Mgonjwa wa zoni ya Juru au Rubondo amepewa rufaa ya hospitali ya Mbarara, hajui Kiingereza wala Kinyankole. Wewe unayezijua lugha hizo, ukimsindikiza ukamtafsiria mbele ya daktari, umemwosha miguu. Haigharimu sana: ni nauli na siku moja ya shamba.

Na ninyi wenzetu wa mashirika, niruhusuni niseme kwa heshima. Yesu hakuwaosha miguu kwa haraka akiwa anatazama mlango. Mtu aliyesubiri juani tangu asubuhi, akiitwa kwa jina lake badala ya namba ya kadi, hurudi nyumbani akiwa mtu, hata kama jibu alilopewa ni hapana.

La pili ni ukweli. Hili ni gumu, nami sitalizunguka. Kwa miaka hii ya karibuni chakula kimepungua. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi kufuatana na hali zao: wengine walipata zaidi, wengine kidogo, wengine hawakupata kitu. Leo nyumba mbili zinaweza kutenganishwa na ukuta mmoja wa udongo, huku wanapika, huku hawapiki. Hapo vishawishi viwili vinaingia. Kimoja ni uongo: kuazima mtoto wa jirani siku ya uhakiki, kuongeza miaka, kuficha kazi. Kingine ni chuki: kumwona jirani kama mwizi wa unga wako.

Mkristo afanye nini? Kwanza, asikae kimya akiwa ameonewa. Watu wengi hudhani kumfuata Yesu ni kunyamaza. Lakini alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, Yesu aliuliza: kama nimesema vibaya, onyesha ubaya wenyewe, kama sivyo, kwa nini wanipiga? Hakurudisha kofi, na pia hakukubali kuwa kofi lile ni haki. Basi kama umewekwa kundi lisilokufaa, peleka malalamiko yako kwa kamati na kwa ofisi husika, ukiwa na ukweli mtupu. Uongo wa mmoja huwafanya wakubwa wasiwaamini kumi wanaosema kweli, na wa kwanza kuumia ni yule mjane asiyejua kusema uongo. Pili, aliye na sufuria motoni amkumbuke asiye nayo. Wahenga walisema kidogo chatosha kwa wapendanao. Hatuwezi kuziba pengo lote la msaada kwa mikono yetu. Lakini mtoto wa jirani hawezi kulala njaa ukuta wa pili, nasi tukaomba riziki yetu kama kwamba neno lile limeandikwa kwa mtu mmoja.

La tatu ni kusamehe. Hapa nitamtaja mtu wa upande huu wa nchi. Ukitoka Mbarara ukaishika barabara ya kwenda Rwanda, utafika Kabale. Huko alikaa Askofu Festo Kivengere wa Kigezi. Kabla ya uaskofu alikuwa mwalimu, hata Dodoma alifundisha. Mnamo Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kupinga maovu yaliyokuwa yakitendeka. Tarehe 16 mwezi huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku wakaingia Rwanda. Njia ambayo wengine wenu mliipita mkija, wao waliipita wakienda.

Kivengere alieleza baadaye kwamba ugenini moyo wake ulijaa uchungu. Siku ya Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, aliyatafakari maombi ya Yesu kwa wale waliomsulubisha, akaona kwamba hawezi kumtoa Amin nje ya maombi hayo. Mwaka huohuo kilitoka kitabu chake, ambacho jina lake maana yake ni Nampenda Idi Amin. Watu walishtuka. Lakini angalieni vizuri: huyu ndiye aliyetia mkono wake kwenye barua ya kupinga. Kusamehe hakukumfanya aite uovu wema. Kulimwondolea sumu moyoni, na mwaka 1979 Amin alipoanguka, akarudi kuwatumikia watu wake mpaka alipofariki mwaka 1988.

Ndugu zangu, hapa kambini tunaishi pamoja watu ambao makabila yao yalipigana kule tulikotoka. Watoto wetu wanakaa dawati moja. Wao wanagawana kitabu kimoja bila kuulizana baba wa nani alifanya nini. Tusiwafundishe nyumbani kile ambacho shule haijawafundisha. Anayedai haki mbele ya sheria na adai. Lakini asimrithishe mtoto chuki.

Najua mtasema: mwalimu, haya ni mazito, nasi ni dhaifu. Ni kweli. Herufi ya kwanza ya mtoto huwa imepinda. Hakuna mwalimu mwema anayelichana daftari kwa sababu hiyo. Humfungulia ukurasa mwingine na kumwandikia tena ile herufi. Basi kesho asubuhi, kwenye bomba, shambani, sokoni Mbarara ambako hakuna anayekujua, shika kalamu ufuatishe.