Je, Mtoto wa Nyuma Huwa Mkubwa, na Uzazi Wake Huwa Mwepesi?

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mkunga mmoja mstaafu mbele ya wanachama na wake zao hapa Mbaraki. Tumeyapiga chapa kwa sababu wengi walikuwa zamu siku hiyo.)

Wafanya kazi wenzangu,

Nawaita wenzangu kwa kuwa nami nimefanya kazi ya zamu miaka thelathini na zaidi, usiku na mchana, ila mzigo wangu mimi ulikuwa ukilia unapofika gatini.

Katibu ameniambia kuwa maneno haya yalianzia kwenye kibanda cha chai. Mwanachama mmoja alisema mtoto wa tano hujiangusha mwenyewe, basi hana haja ya hospitali. Mwenziwe akamjibu kuwa kila mtoto humpita aliyemtangulia kwa ukubwa, hivyo wa tano atamshinda mamaye. Wakakaribia kutiana makofi. Mabwana hawa wawili kila mmoja ana nusu ya kweli, na nusu ya kweli katika mambo ya uzazi ni jambo la hatari.

Tuanze na ukubwa. Ni kweli kwamba kifungua mimba, kwa wastani, huwa mwepesi kuliko nduguye wa pili. Tofauti yenyewe si kubwa: ni gramu 100 hivi, pengine hadi 200. Huo ni uzito wa embe dogo. Baada ya hapo nyongeza hupungua, wala si kweli kwamba kila mtoto humpita mwenziwe mpaka wa nane awe kama gunia. Na tena nimesema kwa wastani. Nimepima kwa mikono yangu watoto wa tatu waliokuwa wadogo kuliko kaka zao wote. Mvulana kwa kawaida humzidi msichana kidogo. Mama akiugua, akikosa chakula, au akishika mimba upesi mno, mtoto hupungua hata akiwa wa ngapi. Mtoto aliyetimu huwa kati ya kilo mbili u nusu na kilo nne. Chini ya hapo twamwita mdogo, naye ataka uangalizi.

Kwa nini wa kwanza apungue? Madaktari wasema mishipa ya damu ya tumbo la uzazi hutanuka katika mimba ya kwanza ili kulisha kondo la nyuma, wala hairudi sawasawa kama ilivyokuwa. Mimba ya pili hukuta njia imekwisha limwa, na chakula hupita vizuri zaidi.

Hapa kwetu pwani iko sababu nyingine, nayo nataka muisikilize sana wenye wake wachanga. Malaria. Vijidudu vya malaria vina tabia ya kujificha ndani ya kondo la nyuma, na wale wanaokaa humo si sawa na wale ambao mwili wa mama umewazoea tangu utoto wake. Mwanamke aliyekulia Kilifi au Kwale, ambaye miaka mingi homa imekuwa ikimpita, akishika mimba ya kwanza huwa kama mgeni tena. Pengine hatatetemeka wala hataumwa kichwa, lakini damu yake yapungua na mtoto anakosa chakula. Mimba ya pili na ya tatu mwili umekwisha jifunza, na mtoto huzaliwa na uzito wake. Basi wazee wetu walipoona watoto wa nyuma ni wanene, hawakuota. Waliona kweli, ila hawakujua kuwa sehemu ya sababu ni mbu.

Na jambo hili lina dawa. Katika miaka ya 1990 wataalamu walifanya majaribio huko Kilifi kwa wanawake wenye mimba ya kwanza, wakawapa vidonge vya SP, vile mlivyozoea kuviita Fansidar, nao upungufu mkubwa wa damu ukapungua. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1999. Kwa hiyo mke akipewa vidonge hivyo kliniki, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikisha pita, tena kila baada ya mwezi mmoja au zaidi, asivitie katika mkoba akaja navyo nyumbani. Avimeze pale pale mbele ya muuguzi, ambaye ndiye ajuaye pia nani asipewe. Na chandarua si pambo la bibi harusi.

Sasa wepesi wa uzazi. Hapa napo ni kweli. Uchungu wa kwanza ni mrefu. Ukisha kolea, yaani mlango wa uzazi umefunguka senti tano, kwa mwenye mimba ya kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12 kabla mlango haujatimia, na kwa aliyekwisha zaa hauzidi saa 10, na mara nyingi ni mfupi kuliko hapo sana. Kusukuma kwenyewe, wa kwanza kwaweza kufika saa tatu, na wa nyuma wengi hawafiki saa moja. Ndiyo maana mtoto wa pili, ijapokuwa amezidi uzito, hutoka kwa wepesi: nyama zimekwisha nyoshwa. Ninyi watu wa kamba mwalijua hili. Kamba mpya ni kavu, yakataa kupinda. Ikisha fanya kazi yalegea mkononi.

Lakini kamba iliyofanya kazi mno nayo mwaijua.

Tumbo la uzazi ni msuli. Mtoto akisha toka, na kondo likisha toka, msuli huo sharti ujikaze kama ngumi, maana kukaza kwake ndiko kunakoziba mishipa ya damu. Kwa mama aliyezaa mara tano na zaidi, msuli huweza kuchoka ukakaa umelegea, na damu ikatoka kama bomba lililoachwa wazi. Kadhalika mtoto huweza kulala kombo tumboni kwa kuwa nafasi imelegea. Kwa hiyo uzazi ule ule ulio mwepesi kwa saa na uchungu, ndio huo unaoweza kumuua mama katika nusu saa baada ya mtoto kulia. Watu wamekwisha anza kupiga vigelegele, na mama anapoa kitandani.

Nitawapa mfano mmoja. Jina silitaji, wala kituo chenyewe. Mume alikuwa mtu wa winchi, na mkewe alikuwa na mimba ya sita, nao walikaa ng'ambo ya Likoni. Uchungu ulimshika usiku, mume yuko zamu, na mama mkwe akasema hana haja ya kusumbuliwa, huyu amezoea. Mtoto akazaliwa nyumbani kabla ya alfajiri, mvulana wa karibu kilo nne, mzuri kabisa. Damu haikukatika. Walipovuka na feri na kufika kwetu, kanga tatu zilikuwa zimelowa. Tukamchoma sindano ya kukaza tumbo. Haikufanya kazi. Dawa ile yataka baridi, baina ya digrii 2 na 8, na jokofu letu lilikuwa bovu wiki nzima. Tulikuwa tumeandika barua mbili. Nilikaza tumbo lile kwa mikono yangu miwili ndani ya gari mpaka hospitali kubwa. Kilichomwokoa ni damu ya watu. Mume alikuja moja kwa moja kutoka gatini na genge lake lote, wakiwa na vumbi la klinka mpaka kwenye kope, na wote wakanyosha mikono.

Tangu siku ile nikiambiwa "amezoea" naona moyo wanidunda.

Mambo yamesonga mbele. Mwaka 2023 yalitangazwa majaribio makubwa yaliyofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walitandika chini ya mama karatasi ya plastiki yenye alama za kupimia damu, badala ya kukisia kwa macho, na damu ikifika alama wakafanya matibabu yote kwa pamoja bila kungojea moja lishindwe ndipo lije jingine. Damu nyingi ya hatari ilipungua kwa asilimia 60. Jambo lenyewe ni la watu wa bandari kabisa: pima mzigo, usikisie.

Yako mengine nitayapitia mbio. Aliyepasuliwa uzazi wa kwanza asidanganywe na habari hizi za wepesi. Tumbo lake lina kovu, na sharti azalie hospitali. Aliyekaa miaka mingi bila kuzaa, uchungu wake huweza kuwa mrefu tena. Baada ya kuzaa, yafaa apumzike walau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine. Na mtoto anayezidi kilo nne si sifa wakati wote. Pengine mama ana sukari katika damu, naye mtoto aweza kukwama mabega, hata akiwa wa tano. Mkimwona bibi anasifiwa kwa tumbo kubwa, mwambieni akapimwe.

Nimalize na mambo yenu ya chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mwanamke mfanya kazi miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili, na haimpunguzii likizo yake ya mwaka. Yampa mwanamume majuma mawili, kwa mshahara kamili vile vile. Sheria haikusema ni kwa mtoto wa kwanza tu. Lakini nasikia wengi wenu huchukua siku hizo kwa kifungua mimba, na akija wa nne hamuombi, mwaona haya. Wa nne na wa tano ndio watakao mtu mzima nyumbani, wa kutafuta gari usiku. Bibi na atoe habari kwa maandishi siku saba mbele. Na mambo ya bima, ambayo tangu Oktoba 2024 yako chini ya SHA, yatengenezeni mapema. Usingoje uchungu ndipo uanze kutafuta kitambulisho sandukuni.

Katibu ana daftari pale mezani. Nimemwomba aandike jina la kila mtu aliye tayari kutoa damu na zamu anayofanya, ili mkunga akipiga simu saa nane za usiku ajue nani yuko gatini na nani amelala. Kalamu iko. Wa kwanza kuandikwa ni yule bwana wa winchi. Yuko nyuma pale, karibu na mlango, na kijana aliyekaa naye ndiye yule wa kilo nne.