Mzazi Asiyeweza Kunyanyua Mguu Si Mvivu

Wasikilizaji, hili nitalisema mpaka mnisikie. Mama amejifungua salama, kesho yake akitaka kushuka kitandani mguu haunyanyuki. Akigeuka ubavu, analia. Akitembea, anayumba kama bata. Na nyumba imejaa watu wanaomwambia: jikaze, wenzako walizaa wakaenda shamba!

Ajikaze kwa mfupa upi? Mbele ya nyonga, mifupa miwili ya kinena imeshikizwa kwa gegedu. Nafasi ya hapo kwa kawaida ni milimita 4 hadi 5. Mimba huilegeza ikaongezeka milimita 2 au 3 ili mtoto apite. Ikizidi milimita 10, kiungo kimeachana. Huo ni uvivu?

Wengine huumizwa leba, mapaja yakilazimishwa kupanuka. Wewe unayeshika mguu wa mama, usiusukume!

Niliwahi kumwona mama aliyefungiwa ndani karibu arobaini nzima, kila asubuhi anatanuliwa miguu na kukandwa maji ya moto, eti damu mbaya itoke. Maji ya moto hayaungi kiungo, jamani, na yanababua. Kutanua miguu ndiko kunakozidi kukiachanisha. Hiyo kanga mnayomkaza tumboni ili tumbo lirudi, ishusheni izunguke nyonga, usawa wa pale mapaja yanapoanzia; hapo ndipo itamsaidia.

Akigeuka kitandani, magoti yawe pamoja. Alalie ubavu, mto katikati ya magoti. Avae nguo ameketi. Asichuchumae kufua, asibebe ndoo. Lakini msimlaze mchana kutwa, maana damu huganda miguuni. Atembee hatua fupifupi, kwa magongo ikibidi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, akipata homa, au mkojo ukigoma au ukimtoka wenyewe, hospitali siku hiyohiyo.

Na hata bila hayo, mpelekeni apimwe, apigwe picha, aonwe na mtaalamu wa viungo. Wengi hupona bila kupasuliwa, kwa wiki kadhaa au miezi. Wiki hizo, baba, maji utachota wewe. Mama mkwe, ufagio shika wewe. Na akishika mimba nyingine, amwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki, asingoje uchungu umkute.